NDEGE YA MBAO NA KITAMBAA, NA MLANGO ULIOKATAA KUFUNGUKA



Hapa Biwi wapo maseremala, wapo mafundi cherehani, wapo mafundi magari na wachomeleaji. Ukiwakusanya wote mahali pamoja, ukawapa mbao, gundi, kitambaa, nyaya na injini mbili, basi unao karibu mafundi wote waliohitajika zamani kuunda ndege ya abiria. Huu si mzaha. Ndege nyingi zilizobeba watu na barua katika nchi zetu kabla ya 1950 zilitengenezwa kwa vitu hivyo, na mikono iliyozitengeneza ilikuwa mikono ya ufundi kama wetu.

Katika toleo hili tunaeleza habari za aina moja ya ndege hizo, iliyoitwa de Havilland Dragon Rapide. Tutaeleza ilivyoundwa, kazi iliyofanya Afrika Mashariki na huku Malawi, na jinsi moja ya ndege hizo ilivyoanguka na kuungua moto huko Butiaba, Uganda, tarehe 24 Januari 1954. Hatuandiki haya kwa ajili ya kupitisha wakati. Ajali ile ina funzo ambalo kila mtu anayefanya kazi katika chumba chenye mlango mmoja anapaswa kulijua, awe mwenyeji wa Lilongwe au mwenzetu aliyekuja kutoka Dzaleka kutafuta kibarua.

NDEGE YA MASEREMALA NA WASHONAJI

Dragon Rapide iliruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1934. Ziliundwa zaidi ya 700 mpaka kazi ya kuziunda iliposimama mwaka 1946. Ilikuwa na injini mbili, kila moja ya nguvu za farasi 200. Upana wa mabawa yake ulikuwa karibu mita 14 na nusu, na ikijaa watu, mizigo na petroli uzito wake ulifika kilo 2,500 hivi, ambao ni mdogo kuliko uzito wa lori dogo lililopakia. Ilibeba abiria sita hadi wanane. Rubani alikaa peke yake mbele kabisa, puani mwa ndege.

Mwili wake ulikuwa sanduku la mbao na plaiwudi. Mifupa ya mabawa ilikuwa ya mbao nyepesi, iliyounganishwa kwa gundi na skrubu. Juu ya mifupa hiyo kilivutwa kitambaa. Kitambaa hicho kilikatwa na kushonwa kama vile fundi cherehani anavyokata na kushona foronya, kisha kikavikwa juu ya bawa na kupakwa dawa inayofanana na vanishi. Dawa ile ilipokauka ilikikaza kitambaa kikawa kama ngozi ya ngoma. Ukikipiga kwa kidole kinalia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilizitaka ndege hizi kwa wingi ili kufundishia waongoza njia wa ndege na waendesha redio. Kazi kubwa ya kuziunda wakati huo ilipewa kiwanda cha Brush katika mji wa Loughborough, ambacho kabla ya hapo kilijulikana kwa kutengeneza mabodi ya mabasi. Ndiyo kusema mafundi wa mabodi ya magari waligeuka mafundi wa ndege. Ufundi ni ule ule: kupima sawasawa, kukata sawasawa, kuunganisha bila kuacha mwanya.

Faida ya uundaji huo ilikuwa wepesi, na urahisi wa kutengeneza kilichoharibika. Kitambaa kikichanika, fundi hukata kiraka, hukishona na kukipaka dawa. Mbao ikivunjika, seremala hodari huchonga nyingine. Hasara yake pia yafaa tuijue. Maji na joto huoza mbao na kulegeza gundi, kwa hiyo ndege ya namna hii lazima ikaguliwe kila mara. Na mbao kavu, kitambaa kilichopakwa dawa na petroli vikikutana na cheche, huwaka kama jiko la mkaa lililomwagiwa mafuta ya taa.

KWA NINI MABAWA MAWILI?

Wengine huuliza kwa nini ndege za zamani zilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu na jingine chini. Jibu anaweza kulielewa kila anayejua kuezeka nyumba. Ubao mmoja mrefu ukiuweka peke yake utapinda. Lakini ukitengeneza kenchi, yaani ubao wa juu, ubao wa chini, na vijiti vya kushikilia katikati, paa linakuwa imara ingawa mbao zenyewe ni nyembamba. Mabawa mawili ni kama kenchi. Katikati yake kuna nguzo na nyaya za chuma zilizokazwa, na kila kimoja kinamsaidia mwenzake.

Tena, mabawa mawili yana eneo kubwa la kukamata upepo. Ndege ya namna hiyo inaweza kupaa kabla haijapata mwendo mkubwa sana, na inaweza kutua taratibu. Kwa hiyo haikuhitaji barabara ndefu ya lami. Uwanja wa majani uliofyekwa vizuri ulitosha. Hasara ilikuwa kwamba nguzo na nyaya zile zilizuia upepo, na ndege haikuweza kwenda kasi. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kilomita 210 hivi kwa saa. Zilipokuja ndege za chuma zenye bawa moja kila upande na injini zenye nguvu zaidi, hizi za mabawa mawili ziliachwa nyuma.

KAZI YAKE KATIKA NCHI ZETU

Huko Kenya, kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa mwaka 1929 na mama mmoja mlowezi aitwaye Florence Kerr Wilson. Ilianza na ndege ndogo za mabawa mawili, baadaye ikatumia na Rapide, kubeba barua na abiria kutoka Nairobi kwenda miji mingine ya Afrika Mashariki. Vita ilipoanza, ndege zake zilichukuliwa kwa kazi ya jeshi na kampuni ikafa.

Huku kwetu, wakati Malawi ikiitwa Nyasaland, ilikuwako kampuni ya Rhodesia na Nyasaland Airways iliyoanzishwa mwaka 1933. Nayo ilitumia ndege za de Havilland za mabawa mawili, Rapide ikiwemo, kuunganisha Blantyre na Salisbury, mji ambao leo ni Harare.

Tarehe 1 Januari 1946 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi. Lilikuwa mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na mtaji wake wa kwanza angani ulikuwa Rapide sita. Shirika hilo lililokuja kumiliki ndege kubwa za jeti za VC10 zilizokwenda London lilizaliwa juu ya mbao na kitambaa. Lilidumu hadi mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Wakubwa waligombana juu ya madeni na mali, na wafanyakazi wa nchi tatu wakajikuta hawajui kesho. Kila nchi ikaunda shirika lake, wengine wakapata nafasi humo na wengine hawakupata.

Tusisahau kwamba ndege haikuruka kwa rubani peke yake. Viwanja vya majani vilifyekwa kwa mikono, na mashimo na vichuguu vikasawazishwa kwa majembe. Wanyama walifukuzwa uwanjani kabla ndege haijatua. Katika viwanja vya mbali petroli ilifika kwa madebe na mapipa, ikachujwa kwa ngozi laini ili maji na uchafu visiingie kwenye injini. Kazi hizo zilifanywa na vibarua wa Kiafrika. Picha za zamani mara nyingi zinamwonyesha rubani mbele ya propela, jina lake limeandikwa chini. Aliyechuja petroli naye alishika roho za abiria mkononi mwake, lakini jina lake halimo.

SAFARI YA JANUARI 1954

Mwaka 1953 mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuja Kenya kuwinda pamoja na mke wake Mary. Januari 1954 walikodi ndege ndogo aina ya Cessna, yenye bawa moja kila upande, iliyorushwa na rubani Roy Marsh. Waliondoka Nairobi, wakapita Mwanza, wakalala Bukavu, mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville. Kutoka huko walielekea kaskazini kufuata maziwa, wakaingia Uganda.

Tarehe 23 Januari walikuwa wakizunguka juu ya maporomoko ya Murchison, katika mto Nile. Rubani alikwepa kundi la ndege wa porini, na katika kukwepa akagonga waya wa simu uliokuwa umetelekezwa. Ndege ikaharibika, akaishusha msituni. Mary alivunjika mbavu, Hemingway akaumia bega, lakini wote watatu walikuwa hai. Walilala porini usiku ule, tembo wakiwa karibu.

Kesho yake mashua iliyokuwa mtoni iliwachukua hadi Butiaba. Wakati huo huo ndege kubwa ya abiria ilikuwa imepita juu ikaona mabaki ya Cessna bila dalili ya mtu aliye hai. Habari zikaenda duniani kwamba mwandishi amekufa. Magazeti yakachapa tanzia zake, naye alikuwa mashuani akielekea bandarini.

YALIYOTOKEA BUTIABA

Butiaba iko Uganda, ukingoni mwa Ziwa Albert. Wenzetu waliotoka Ituri wanalijua ziwa hilo, kwa kuwa ng'ambo yake ni Kongo. Wakati ule Butiaba ilikuwa bandari ya meli za Shirika la Reli, na ulikuwapo uwanja mdogo wa ndege.

Hapo walimkuta rubani Reggie Cartwright, ambaye alikuwa amekuja kuwatafuta. Ndege yake ilikuwa Rapide. Aliwaambia atawapeleka Entebbe jioni ile ile, nao wakakubali. Wakapanda, Marsh naye akapanda kama abiria.

Uwanja haukuwa sawa. Ndege ilikwenda ikirukaruka juu ya matuta, ikainuka kidogo, ikarudi chini kwa kishindo, ikashika moto.

Sasa ndugu, tuangalie kwa makini dakika zilizofuata, kwa sababu hapo ndipo penye funzo. Marsh alivunja dirisha kwa mateke. Mary, ambaye alikuwa mwembamba, akapenya akatoka. Marsh akatoka, na Cartwright akatoka. Lakini Hemingway alikuwa mtu mkubwa mwenye kifua kipana, na dirisha halikumtosha. Akaenda kwenye mlango. Mlango ulikuwa umebana na haukufunguka. Bega lake lilikuwa limeumia tangu jana. Akausukuma kwa bega na kuupiga kwa kichwa chake, tena na tena, mpaka ukaachia. Akatoka nje, ndege ikiungua nyuma yake pamoja na mizigo yao.

Hakuna aliyekufa. Walipelekwa kwa gari hadi Masindi, na baadaye Entebbe. Lakini madaktari walipompima Hemingway walikuta fuvu limepasuka, na ini, bandama, figo na uti wa mgongo vimeumia. Mwaka huo huo wa 1954 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, ila hakwenda Sweden kuipokea kwa sababu ya hali ya mwili wake. Alifariki mwaka 1961, na wengi walioandika maisha yake wanasema hakuwa mzima tena kama zamani baada ya Butiaba.

TUHESABU PINGU ZA MNYORORO

Ajali si kitu kimoja. Ajali ni mnyororo, na kila pingu ya mnyororo huo ingeweza kukatwa. Hatusemi hivi ili kumlaumu marehemu yeyote. Tunasema ili aliye hai ajifunze.

Pingu ya kwanza ni uwanja. Ndege ili ipae lazima ipate mwendo wa kutosha. Kila tuta linapunguza mwendo, na kila kuruka kunaitupa hewani kabla haijawa tayari, kisha inarudi chini kwa uzito wake wote. Hapa kuna jambo la kufikiri. Rapide ilisifiwa kwa sababu iliweza kutumia viwanja vibaya. Na kwa sababu iliweza, ndiyo iliyopelekwa kwenye viwanja vibaya. Sisi wafanyakazi tunaijua sheria hiyo. Fundi anayeweza kufanya kazi na msumeno butu hupewa msumeno butu kila siku. Anayeweza kuchomelea bila miwani haletewi miwani. Uvumilivu wake unageuka kuwa sababu ya kumnyima, mpaka siku uvumilivu unapokwisha.

Pingu ya pili ni haraka na uchovu. Watu wale walikuwa wameanguka jana yake, wamelala porini, wana maumivu, na jua lilikuwa linakwenda kutua. Watu wa namna hiyo wanataka kufika tu. Lakini saa ya mwisho ya kazi, mwili ukiwa umechoka na mtu akitaka kumaliza oda aondoke, ndiyo saa ambayo msumeno hula vidole.

Pingu ya tatu ni vitu vinavyowaka. Petroli, dawa ya kitambaa na mbao kavu vilikaa pamoja katika nafasi ndogo. Angalia karakana ya seremala: maranda chini, vanishi kwenye kopo lililo wazi, tina, gundi, na hatua tatu tu kutoka hapo jirani anachomelea na cheche zinaruka. Angalia chumba cha fundi cherehani: vipande vya vitambaa vimejaa sakafuni na pasi ya mkaa iko mezani.

Pingu ya nne ni mlango. Nguvu za mtu mmoja zilimtoa. Lakini je, kama angekuwa mtoto? Kama wangekuwa watu wanane badala ya wanne? Mlango wa dharura ambao lazima uvunjwe kwa kichwa haustahili kuitwa mlango wa dharura.

MILANGO MINGINE AMBAYO HAIKUFUNGUKA

Tarehe 25 Machi 1911 kilishika moto kiwanda cha kushona nguo cha Triangle mjini New York, Marekani. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano, waliokuja nchi ya watu kutafuta riziki. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda waliogopa kwamba wafanyakazi wangetoka na vitambaa. Mahakama iliwaachia wenye kiwanda. Lakini vyama vya wafanyakazi havikunyamaza. Watu waliandamana kwa maelfu, na katika miaka iliyofuata jimbo la New York likatunga sheria nyingi mpya za milango, ngazi za kutokea na mazoezi ya moto.

Miaka mia moja na moja baadaye, tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua mjini Karachi, Pakistan. Walikufa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mambo haya yalikuwa ya zamani.

Kitu cha kuokoa roho kinahitaji kukaguliwa kabla ya siku ya hatari. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya VC10 ya lile Shirika la Afrika Mashariki ilikuwa inajaribu kupaa Addis Ababa. Gurudumu la mbele lilipita juu ya kipande cha chuma cha jeki kilichoachwa uwanjani, likapasuka. Marubani wakaamua kusimama. Breki hazikushika inavyotakiwa, na uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya breki iliwahi kufunguliwa na kufungwa tena visivyo sawa. Watu 43 walikufa. Kipande cha chuma na breki iliyofungwa vibaya: vyote viwili ni kazi ya karakana.

Na sisi wa Malawi hatujasahau tarehe 10 Juni 2024, ndege ya jeshi aina ya Dornier 228 ilipoanguka katika msitu wa Chikangawa ikienda Mzuzu. Walikufa wote tisa, akiwamo Makamu wa Rais Saulos Chilima. Ndege ilipatikana kesho yake. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Ujerumani, iliyotoka Agosti 2024, ilieleza kwamba betri ya kifaa cha kuita msaada baada ya ajali ilikuwa imepita muda wake tangu mwaka 2004. Hatusemi kwamba betri ndiyo iliyoangusha ndege. Tunasema kifaa cha kuokoa kilikaa miaka ishirini na betri iliyopitwa, na mtu mwenye wajibu wa kuibadilisha hakuibadilisha.

TUFANYE NINI?

Malawi ina Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997. Inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, juu ya anayeumia au kufa kazini. Lakini sheria haitembei kwa miguu. Lazima wafanyakazi waibebe na kuifikisha mlangoni.

Tunajua ugumu uliopo. Wengi wetu tunafanya kazi ya ganyu, leo upo, kesho hupo, bila karatasi ya mkataba. Wenzetu wa Dzaleka wana mzigo mwingine. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi kambini, na tangu hapo anayepata kibarua mjini anaogopa hata kuuliza habari za mlango, asije akaulizwa yeye habari za karatasi zake. Mwajiri mbaya anaijua hofu hiyo na anaifanya kuwa mtaji. Kwa hiyo tunawaambia wenyeji: msimwachie mkimbizi peke yake kazi ya kuuliza. Aliye na kitambulisho na aseme kwa niaba ya asiye nacho. Moto hauulizi kitambulisho. Ukiingia chumbani unakula wote.

Tunawaomba wanachama na wasio wanachama wafanye haya:

1. Hesabuni milango. Chumba chenye watu wengi na mlango mmoja ni hatari. Kama haiwezekani kutoboa mlango wa pili, basi liwepo dirisha kubwa lisilo na nondo, au lenye nondo zinazofunguka kwa ndani. Dirisha hilo lipimwe kwa mwili wa mtu mnene kuliko wote, wala si kwa mwembamba. Kumbukeni Butiaba.

2. Mlango ufunguke kwa nje. Watu wakikimbia kwa hofu husukumana, na mlango unaofunguka kwa ndani hubanwa na miili yao wenyewe.

3. Mlango usifungwe kwa kufuli wakati watu wako ndani, hata kama ni zamu ya usiku na mwenye mali anaogopa wezi. Kama ni lazima ufungwe, ufunguo ukae ndani, mahali ambapo kila mtu anapajua.

4. Ondoeni mbao, viti vilivyokwisha kutengenezwa na magunia mlangoni. Tumeona karakana moja ya mjini, tusiitaje jina, ambayo makabati ya kuuza yamepangwa mpaka njia ya kutokea imebaki ya mtu mmoja kupita ubavu.

5. Vanishi, tina na petroli vifunikwe na vikae mbali na mashine ya kuchomelea. Maranda na vipande vya vitambaa vifagiliwe kila jioni, siyo kila Jumamosi.

6. Ndoo za mchanga ziwe zimejaa mchanga. Mtungi wa kuzimia moto uwe na tarehe isiyopita. Kila mwezi mtu mmoja achaguliwe kuangalia na kuandika katika daftari: tarehe, alichokiona, na jina lake.

7. Atakayeona hatari asiende kwa tajiri peke yake. Waende watatu au wanne, wenyeji na wageni pamoja, waseme kwa adabu na waandike siku waliyosema. Wakikataliwa, walete habari kwenye chama, nasi tutazipeleka kwa mkaguzi wa kazi wa serikali.

Mambo haya mengi hayahitaji fedha kubwa. Kufagia ni bure. Kuhamisha makabati ni bure. Kugeuza bawaba za mlango ili ufunguke kwa nje ni kazi ya asubuhi moja, na mafundi wa kuifanya tumejaa hapa Biwi.

Rapide moja moja bado zinaruka Ulaya, zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Mbao ni zile zile za aina ya zamani, na kitambaa ni kile kile cha kupakwa dawa. Zinaruka kwa sababu kila kipande kina fundi anayekikagua na kuandika katika daftari. Uzee wa chombo peke yake hauui. Kinachoua ni kuzoea kasoro mpaka tukaiona ni kawaida. Kesho asubuhi, ndugu, kabla hujashika randa au cherehani, simama katikati ya chumba cha kazi uangalie mlango. Jiulize kama watu wote mlio humo mngeweza kutoka kabla moshi haujawazuia. Kama jibu ni hapana, msianze kazi kabla hamjakaa na kuzungumza.

Umoja ni nguvu.